Huyo Mzungu Alipita Mwezi Gani? Ramani za Zamani za Nchi ya Ipole

 

Mara nyingi katika kipindi hiki huwa tunazungumza habari za mbolea, mbegu na wadudu waharibifu. Leo nataka tuzungumze habari za karatasi. Ni karatasi ya ramani ya zamani, inayoonyesha nchi yetu hii ya kusini ya Tabora, kuanzia Unyanyembe kushuka Sikonge hadi Ipole na kuendelea porini kuelekea mto Ugalla. Mtaniuliza, bwana shamba na ramani wapi na wapi? Subirini kidogo. Karatasi hiyo iliwahi kunichimbisha kisima kisichokuwa na maji, na vijana wa watu walitoka jasho siku saba kwa ajili ya neno moja lililoandikwa juu yake. Nitawaeleza. Lakini kwanza tujue ramani hizi zilitoka wapi.

Ukitoka Tabora mjini kuelekea kusini utapita Sikonge, kisha utafika Ipole, na hapo njia inagawanyika. Moja inakwenda magharibi kwenda Koga, Inyonga na Mpanda. Nyingine inashuka kusini kuelekea Kitunda na Rungwa. Ni mahali ambapo nchi ya Wanyamwezi inaanza kuchanganyika na nchi ya Wakimbu na ya Wakonongo. Milima yake si ya kutisha kama Uluguru au Usambara. Ni vilima vya mawe, miinuko mirefu iliyolala kama mgongo wa ng'ombe, na katikati yake mbuga za udongo mweusi. Miyombo imefunika yote. Mvua ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na baada ya hapo ni jua tu mpaka majani yawe kama karatasi.

Sasa, watu wa kwanza kuchora nchi yetu hawakuiona. Mwaka 1856 ilitolewa huko Ulaya ramani ya wamisionari wawili waliokaa pwani karibu na Mombasa na Tanga, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann. Walikaa na watu wa misafara wakawauliza: ukitoka Bagamoyo ukaenda bara, unafika wapi? Wakaambiwa, unafika kwenye maji makubwa. Wakamuuliza mwingine aliyepita njia ya kusini, naye akasema maji makubwa. Wa kaskazini hali kadhalika. Wale mabwana wakaunganisha maji yote, wakachora ziwa moja kubwa mno lenye umbo la konokono asiye na gamba, na wakaliita Ziwa la Uniamesi, ndiyo Unyamwezi hiyo. Basi katika karatasi ile Unyamwezi ilikuwa imegeuzwa ziwa! Kusema kweli watu wa misafara hawakudanganya hata kidogo. Kila mmoja alisema alichokiona mwisho wa njia yake: Nyanza, Tanganyika na Nyasa. Aliyekosea ni mwenye kalamu. Aliunganisha mambo matatu kuwa moja kwa sababu hakuuliza swali la pili.

Ni ramani hiyo iliyowachokoza Waingereza. Richard Burton na John Speke wakatumwa, wakafika Kazeh, ambayo ni Tabora, tarehe 7 Novemba 1857. Mwenyeji wao alikuwa mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir, na mengi waliyoandika kuhusu nchi za kusini na kaskazini waliyapata kwake na kwa Wanyamwezi waliokuwa wamezunguka huko na mizigo vichwani. Speke ndiye aliyepima. Vyombo vyake vilikuwa dira, vyombo vya kutazama jua na nyota, na kipimajoto cha kuchemshia maji.

Hapo kwenye kuchemsha maji naomba tusimame kidogo, maana ndipo penye siri ya milima ya Ipole kutoonekana. Maji ya pwani huchemka kwa nyuzi 100. Kadiri unavyopanda juu, hewa inakuwa nyepesi, na maji huchemka mapema. Hapa Tabora, kwenye kimo cha kiasi cha mita 1,200, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kwa hiyo msafiri akichemsha sufuria yake na kusoma kipimajoto, anaweza kukadiria yuko juu kiasi gani. Ni njia nzuri, na mimi niliipenda tangu nilipoisoma. Lakini fanyeni hesabu: kila tofauti ya mita 300 hivi ni kama nyuzi moja. Ukikosea kusoma sehemu ya kumi ya nyuzi moja tu, umekosea mita 30. Na vilima vingi vya kwetu havizidi sana hapo! Mtu angeweza kupanda kilima na kushuka, akachemsha maji juu na akachemsha chini, asijue kwamba alipanda. Ndiyo maana kwenye ramani za kwanza nchi hii ni bapa kama chapati. Mkulima wa Ipole, ambaye anajua kwamba mita tano za mwinuko ndiyo tofauti kati ya muhogo na mpunga, hangepata msaada wowote pale.

Tarehe 20 Septemba 1871 Henry Stanley aliondoka Kwihara, karibu na Tabora. Njia ya kawaida ya Ujiji ilikuwa imefungwa na vita kati ya Mirambo na Waarabu, kwa hiyo akazunguka kusini, akapita Ugunda, akashika pori la mto Gombe na nchi ya Wakonongo, hata akafika Ujiji na kumkuta Livingstone. Kwa hiyo vita ndiyo iliyoleta pori letu la kusini katika ramani za Wazungu. Kama Mirambo angekaa kimya, wangeendelea kupita njia yao ya siku zote.

Kitu kimoja cha kuchekesha katika orodha za vituo za wasafiri hawa: jina la Kwikuru linajitokeza mahali zaidi ya pamoja. Msafiri anauliza, hapa ni wapi? Anajibiwa, hapa ni kwikulu, yaani kwa mtemi, makao makuu. Anaandika jina la mji. Akienda kwa mtemi mwingine anauliza tena, anaambiwa vilevile, kwikulu. Nadhani wote mnajua neno hilo limefika wapi: Ikulu ya Dar es Salaam ni mtoto wa neno hilo hilo la Kinyamwezi. Na vijiji vingine viliandikwa kwa jina la mkubwa wake, kwa Fulani. Fulani akifa, au akihama kwa sababu ya udongo kuchoka, jina linaondoka naye. Ramani inabaki na jina la marehemu mahali ambapo pameshaota miti.

Baada ya Stanley walikuja Wajerumani wa chama chao cha Afrika. Mwaka 1880 Richard Böhm, Emil Kaiser na Paul Reichard walifungua kituo Kakoma, katika Ugunda, kusini-magharibi ya Tabora, na baadaye wakahamia Igonda kwa mtemi. Hawa hawakupita tu, walikaa. Walizunguka mito ya Wala na Ugalla, Kaiser akipima nyota, Böhm akikusanya ndege na mimea. Wote wawili hawakurudi kwao. Kaiser alifia karibu na Ziwa Rukwa mwaka 1882, na Böhm alifia Katanga mwaka 1884. Lakini jina la Böhm bado liko porini kwetu kila siku bila sisi kujua. Ule mti tunaouita muyombo, ambao warina asali huubandua gome kutengenezea mizinga, wataalamu wameuandika kwa jina la Kilatini Brachystegia boehmii, kwa heshima yake. Na neno letu sisi wenyewe, miyombo, nalo likaingia katika vitabu vyao, na leo hii mtaalamu wa misitu kutoka Brazili au Japani husema miombo akimaanisha misitu ya namna hii toka Tanzania mpaka Angola. Tuliwapa neno, wakatupa jina. Sijui nani alipata zaidi.

Mwaka huo huo wa 1884, mwezi wa Desemba, alikufa Mirambo. Mwezi huo huo akafa na Nyungu-ya-Mawe, aliyekuwa ameiunganisha nchi ya Ukimbu, huko kusini ya Ipole, kwa nguvu ya ruga-ruga wake. Nawataja kwa sababu wao pia walikuwa na ramani, tena nzuri kuliko ya Speke, ila haikuwa kwenye karatasi. Mtu hawezi kutawala pori la siku kumi za kutembea, kukusanya pembe za ndovu na kuzuia misafara, bila kujua kila kisima kinakauka lini. Ramani hiyo ilikaa kichwani mwa wawindaji na warina asali, na kichwa kikizikwa inazikwa nacho, isipokuwa kama kuna mtoto aliyefuatana na baba yake.

Tufike sasa kwenye karatasi yangu. Serikali ya Wajerumani, kuanzia miaka ya 1890 hadi kukaribia Vita Kuu ya Kwanza, ilitengenezewa ramani kubwa ya koloni lote, kwa kipimo cha 1 kwa 300,000. Maana yake sentimeta moja kwenye karatasi ni kilometa tatu ardhini. Ilianzishwa na Richard Kiepert, na kazi ikaendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel, ikachapwa na kampuni ya Dietrich Reimer huko Berlin. Hebu fikirini jinsi ilivyotengenezwa. Sprigade na Moisel walikaa ofisini Berlin. Kutoka huku walipelekewa madaftari ya njiani: ya maofisa wa jeshi, ya wamisionari, ya wasafiri. Kila mmoja alitembea na dira mkononi na saa mfukoni. Anaandika: saa moja na dakika kumi kuelekea kusini-magharibi, mbuga. Dakika arobaini, kilima cha mawe upande wa kushoto. Saa mbili, kijiji kwa Fulani, maji. Mwendo wa msafara ulikuwa kama kilometa nne kwa saa, wapagazi wakiwa na mizigo ya kilo 30 hivi, na kama mzigo ulikuwa mzito au njia ina matope, basi kilometa zenyewe zilikuwa fupi bila karatasi kujua. Wale wa Berlin wakazichora njia zote, wakazinyoosha zikutane.

Kwa hiyo ukiitazama ramani hiyo utaona kitu cha ajabu. Kandokando ya njia pamejaa majina, vijito, vilima vilivyochorwa kwa vistari vidogo kama manyoya, na maneno. Kati ya njia na njia ni peupe. Si kwamba pale hapakuwa na kitu, ila hapakupita mwenye saa. Na katika maneno yale ya Kijerumani utakuta neno moja la kwetu limeandikwa tena na tena: Pori. Hawakupata neno lao lililotosha, wakachukua la kwetu. Vita ilipokuja, Waingereza nao walichapa upya karatasi hizo hizo za Wajerumani na kuzitumia kupigana nao. Tabora ilitekwa na Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini, kupitia nchi hii hii ya pori.

Basi, nakala ya karatasi hiyo niliipata nilipokuwa chuoni, kutoka kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akistaafu. Nilipopangiwa kazi huku kusini niliibeba kama hirizi. Kijiji nilichofikia kilikuwa na shida ya maji. Akina mama walikuwa wanatoka alfajiri na kurudi jua limeshapanda. Mimi kijana, nimetoka chuoni na kiburi changu, nikafungua karatasi nikaona karibu na mahali pale, kando ya njia ya zamani, limeandikwa neno la Kijerumani lenye maana ya maji. Kwa furaha yangu sikulala. Nikawaambia wanakijiji: hapa palikuwa na maji zaidi ya miaka mia moja iliyopita, yamefukiwa tu, tuchimbe. Wakaniamini, maana niliongea kwa karatasi. Vijana wakachimba siku saba. Tulishuka zaidi ya mita sita. Udongo mkavu, halafu udongo wa mfinyanzi mgumu, halafu mwamba. Hakuna hata unyevu.

Siku ya saba alikuja mzee mmoja, mrina asali, akakaa kwenye kifusi akavuta tumbaku yake. Akaniuliza, "Bwana shamba, kijana wangu, huyo Mzungu wako alipita mwezi gani?"

Sikuwa na jibu. Sikuwahi hata kujiuliza. Nilirudi nyumbani nikaitazama karatasi usiku kucha kwa taa, wala mwezi haukuandikwa. Mzee alikuwa anajua tangu mwanzo kwamba pale ni mbuga inayosimama maji Machi na Aprili, na ikifika Juni hata nyoka hapati cha kunywa. Nilimuuliza mbona hakusema tangu siku ya kwanza. Akanijibu kwamba mimi sikuuliza, nilitangaza. Jambo hilo liliniuma, na linaniuma mpaka leo, kwa sababu zile siku saba vijana walikuwa wameacha kuandaa matuta ya tumbaku na mihogo.

Ndipo nikaanza kujifunza upya, na mwalimu akawa ni yule mzee. Alinipeleka mahali pengine, mwendo wa saa moja kutoka pale, kwenye mwinuko mdogo. Akaniambia nitazame miti. Mimi nikaona pori tu. Akaniambia, tazama vizuri. Katikati ya miyombo na mininga palikuwa na minyaa, mikubwa, imekaa kwa mstari uliopinda. Mnyaa hauoti kwa mstari wenyewe bila kupandwa. Zamani vijiji vya Wanyamwezi vilizungushiwa ua wa minyaa kuzuia adui na wanyama, na Stanley na wenzake wameziandika sana nyua hizo. Tukapekua majani, tukapata vigae vya vyungu na jiwe la kusagia lililochimbika katikati. Ni mahame, au matongo kama wasemavyo wengi huku. Watu waliishi hapo. Na chini kidogo ya mwinuko, palipo na mti wa mkuyu, ndipo palipokuwa na kisima chao. Kwenye karatasi yangu mahali hapo ni peupe.

Watu hao walikwenda wapi? Hii ni habari ndefu na nzito. Miaka ya 1890 sotoka ilifagia ng'ombe na nyati karibu nchi nzima. Funza akafika kutoka pwani ya Atlantiki. Vita ya 1914 hadi 1918 ikachukua wanaume kuwa wapagazi na vyakula kuwa posho. Watu wakipungua, mashamba hugeuka vichaka, na kwenye vichaka huja mbung'o. Mwaka 1922 ugonjwa wa malale uligunduliwa Maswa, na katika miaka iliyofuata ukaonekana sehemu nyingi za magharibi. Serikali ya Kiingereza, kwa ushauri wa daktari wake wa malale, George Maclean, ikaamua watu waliotawanyika porini wakusanywe katika makazi makubwa, wafyeke miti eneo pana kiasi kwamba mbung'o asiwe na kivuli. Watu wengi wa mapori ya Tabora na Kahama walihamishwa kwa namna hiyo. Malale yalipungua, hilo ni kweli, na tusilifiche. Lakini mahali walipohamishwa pori lilifunga nyuma yao kama maji yanavyofunga nyuma ya mtumbwi. Kisha baadaye likapimwa na kutangazwa kuwa msitu wa hifadhi au pori la akiba, likihesabiwa kama nchi ambayo haikuwahi kuwa na mtu.

Wapo wataalamu walioanza kuliona hilo mapema. Clement Gillman, aliyekuwa mhandisi wa reli, mwaka 1936 alitoa ramani ya wakazi wa Tanganyika ikionyesha jinsi watu walivyobanana penye maji na jinsi nchi pana ilivyobaki tupu. Na katika miaka hiyo hiyo Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa Amani, alipita nchi kavu za bara na akatambua jambo ambalo mkulima yeyote wa Kisukuma angemwambia: kwamba udongo wetu umepangwa kama mnyororo, kutoka juu ya kilima mpaka chini ya mbuga, na mnyororo huo unajirudia kila kilima. Juu mchanga mwepesi, ambao Wasukuma wanauita luseni, chini yake udongo mgumu wa ibambasi, itogolo, halafu mbuga yenyewe nyeusi. Milne aliuita mnyororo huo kwa neno la Kilatini, catena, na neno hilo sasa linafundishwa dunia nzima. Mimi mwenyewe nililisoma chuoni kwa Kilatini kabla sijalisikia kwa Kisukuma. Mambo hayo!

Ramani ya pili niliyo nayo ni ya kisasa zaidi. Baada ya Vita ya Pili, Waingereza walianzisha mwaka 1946 idara ya kupima makoloni kwa picha za kutoka angani, na kazi hiyo iliendelea hata baada ya Uhuru kwa kushirikiana na idara yetu ya upimaji. Ndege inapiga picha moja baada ya nyingine, kila picha ikipanda juu ya mwenzake zaidi ya nusu. Ukizitazama mbili kwa pamoja kwa miwani maalum, kilima kinainuka mbele yako kama kipo mezani. Kutokana na hapo wanachora mistari ya kontua. Kwa wale wasioijua, chukua jiwe uliweke kwenye sufuria, mimina maji kidogo, chora kwa mkaa pale maji yalipofika kuzunguka jiwe. Ongeza maji, chora tena. Ongeza, chora. Ukimwaga maji ukatazama jiwe kutoka juu, hiyo ndiyo ramani ya kontua. Mistari ikibanana, hapo ni mteremko mkali. Usilime kwa kufuata mteremko, tengeneza makinga maji. Ikiachana sana, hapo ni mbuga. Ramani hizi ni za 1 kwa 50,000, sentimeta moja ni nusu kilometa, na karatasi moja inachukua eneo la kama kilometa 28 kwa 28. Ipole ya kijani, mistari ya hudhurungi, mito ya buluu. Ni kazi nzuri sana.

Ila ndege nayo haisikii majina. Kutoka juu iliona miti na mbuga, haikuona ua wa minyaa chini ya majani, wala haikumsikia mzee akisema hapa tuliita vipi. Kwa hiyo ramani ya Mjerumani ina majina mengi na vilima vibovu. Ramani ya ndege ina vilima vizuri na majina machache. Ukizilaza pamoja mezani, unaona nchi ile ile kama watu wawili wanaosimulia ajali moja.

Haya yote yangekuwa mazungumzo tu ya barazani, kama si mkutano wa kijiji uliofanyika miaka michache iliyopita. Kijiji kilikuwa kinapanga matumizi bora ya ardhi. Kama mjuavyo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakipa kijiji kazi hiyo, na huku kwetu ni kazi yenye moto. Upande mmoja kuna eneo la hifadhi ya wanyamapori la jamii, ambalo vijiji vya Ipole vinalisimamia kupitia jumuiya yao ya JUHIWAI. Upande mwingine kuna wakulima wa tumbaku wanaotaka kuni za kukaushia na ardhi mpya, wafugaji waliokuja na mifugo yao kutoka kaskazini, na warina asali ambao mizinga yao inakaa porini. Na sasa barabara ya lami ya kwenda Mpanda imefanya kila kipande cha ardhi kipande bei.

Bwana mmoja akasimama mkutanoni na nakala ya ramani yangu ya Kijerumani. Sikujua aliipata wapi, labda kwa mtu niliyemwazima. Akasema: tazameni, hapa pana jina la kijiji, hapa na hapa. Hili si pori la asili, ni mashamba ya babu zetu. Tufyeke. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akanigeukia, "Bwana shamba, ramani inasemaje?"

Niliinuka magoti yakitetemeka kidogo. Nilisema kwamba ni kweli, watu waliishi pale, minyaa nimeiona kwa macho yangu. Aliyewaambia pori hili halikuwahi kuwa na mtu, hakusema kweli. Lakini ramani inaonyesha mahali msafiri alipopita, haionyeshi mashamba yalifika wapi, wala haionyeshi nani alikuwa na haki gani. Na watu wale hawakulima pori lote kwa mara moja. Walilima mchanga wa juu miaka michache, ukichoka wakahama wakauachia miti. Mkifyeka leo na kung'oa visiki, kisha mkabaki hapo hapo na tumbaku kila mwaka, hamtakuwa mnafanya walichofanya babu zenu. Mtakuwa mnafanya kitu kipya, na mjue hivyo.

Sikupigiwa makofi. Mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba bwana shamba anakula mshahara, halali njaa. Nilikaa chini.

Kilichosaidia hakikuwa hotuba yangu. Yule mzee wa asali alipendekeza wazee sita na vijana sita wakatembee wenyewe kabla ya kupiga kura. Tulitembea siku nne. Tulibeba karatasi zote mbili, na kubwa ya kuchorea iliyotolewa shule ya msingi. Kila mahame tuliyafikia, vijana wakaandika jina, mwezi ambao kisima hukauka, aina ya udongo, na nani mwenye mizinga karibu. Tulikuta mahame manne. Mawili yako kwenye mwinuko wa udongo mzuri karibu na kijiji, na mkutano uliofuata ukakubali yafunguliwe kwa mashamba. Mengine mawili yako mbali, pembeni ya mbuga ambako ndovu hupita kiangazi, nayo yakaachwa. Tofauti ya kura haikuwa kubwa, na wapo waliokasirika ambao hadi leo wakinikuta njiani wananisalimu kwa kifupi.

Ile karatasi ya shule ipo ofisi ya kijiji, imebandikwa ukutani kwa utomvu. Kilima kimoja juu yake kina majina mawili, moja la Kinyamwezi na moja la Kikimbu, kwa sababu wazee wawili walibishana siku nzima na hakuna aliyekubali kushindwa. Tuliyaandika yote mawili. Na kwenye ile mbuga ya kisima changu kikavu, mmoja wa vijana waliochimba ameandika kwa kalamu nyekundu: Maji, Machi na Aprili tu.